Kuhifadhi Historia ya Jamii ya LGBTQ Mikoani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba historia ya jamii ya LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja au mbili na watu waliobadili jinsia, ilianzia katika baa ya Stonewall, New York, wateja walipopambana na polisi Juni 1969, na kwamba sehemu nyingine zilifuata nyayo tu. Ukweli ni kwamba Agosti 1966 wanawake waliobadili jinsia na wenzao waliwakabili polisi katika mkahawa wa Compton's, mtaa wa Tenderloin, San Francisco. Tukio hilo lilikaribia kufutika kabisa, hadi mwanahistoria Susan Stryker alipokuta maelezo yake katika kijitabu cha maandamano ya jamii hiyo ya mwaka 1972, kisha akawatafuta walioshuhudia ili wasimulie wenyewe. Kijitabu cha aina hiyo ndicho ambacho familia nyingi hukitupa marehemu akishazikwa, na kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu historia ya mkoa haina mahali pengine pa kukaa.

Wengine huamini kwamba nyaraka za serikali zinatosha. Katika nyaraka hizo, wapenzi wa jinsia moja huonekana zaidi wakiwa washtakiwa. Maisha yao ya kila siku yamo katika barua, shajara na picha. Simon Nkoli, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi na kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, aliyekamatwa Afrika Kusini mwaka 1984 na kushtakiwa kwa uhaini hadi alipoachiwa huru mwaka 1988, alimwandikia mpenzi wake kutoka gerezani, na barua hizo zimehifadhiwa GALA, hifadhi ya nyaraka za jamii ya LGBTQ iliyoanzishwa Johannesburg mwaka 1997. Wala si lazima kuanza na jengo kubwa: Lesbian Herstory Archives, hifadhi ya kumbukumbu za wanawake wapenzi wa jinsia moja iliyoanzishwa New York mwaka 1974, ilikaa miaka mingi katika nyumba ya mmoja wa waanzilishi wake.

Ipo pia dhana kwamba kuhifadhi maana yake ni kuweka kila kitu mtandaoni. Nakala zaidi ya moja zinahitajika kweli, kwani mwaka 1933 Wanazi walipora taasisi ya utafiti wa masuala ya jinsia ya daktari Magnus Hirschfeld mjini Berlin na kuchoma maelfu ya vitabu vyake. Hata hivyo, aliyekubali kurekodiwa hajakubali jina lake litangazwe, na pale ambapo sheria bado inawaadhibu wapenzi wa jinsia moja, sura moja kwenye picha inaweza kumpeleka mtu kizuizini. Kwa hiyo msimulizi aulizwe mapema, na jibu liandikwe: nani asikilize, kwa jina gani, na kuanzia mwaka upi.