Saratani na tiba ya kinga: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kinga ikipanda, saratani inaondoka yenyewe."

Hili ndilo linalouza unga wa mlonge kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu akisikia kuna tiba ya saratani inayotumia kinga ya mwili, anaona ni yaleyale ya tangawizi na kitunguu saumu, ila ya hospitali. Wapi! Mara nyingi askari wa kinga, chembe nyeupe ziitwazo T, wamo ndani ya uvimbe tayari. Ila chembe hizo zina breki za kuzaliwa nazo, zisije zikaushambulia mwili wenyewe, na saratani inajua kuzikanyaga. James Allison wa Marekani aliichunguza breki iitwayo CTLA-4, na Tasuku Honjo wa Japani aliigundua PD-1. Mwaka 2018 wakatunukiwa Nobel kwa pamoja. Dawa kama ipilimumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, na pembrolizumab ya mwaka 2014, kazi yake ni kuachia breki hizo. Gari lililokanyagwa breki hata ulijaze mafuta halisogei.

"Ni kinga yako mwenyewe, haiwezi kukudhuru."

Inaweza, tena vibaya. Breki ikishaachiwa, askari wale wanaweza kuvamia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo. Mgonjwa anaharisha mara sita kwa siku, nyumbani wanasingizia chakula cha jana, wanamchanganyia maji ya chumvi na sukari, wanasubiri kesho. Kesho ni mbali: utumbo uliovimba hivyo unaweza kutoboka. Daktari aambiwe siku hiyohiyo, na mara nyingi ataanza na dawa za steroidi za kuituliza kinga. Madhara haya huweza kuzuka hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.

"Haya ni mambo mapya ya Wazungu, kwetu hayajafika."

Jitazame mkononi. Kile kikovu cha chanjo ya kifua kikuu uliyodungwa ukiwa kichanga ni cha BCG, na BCG hiyohiyo hutibu saratani ya kibofu ambayo haijaingia kwenye msuli. Alvaro Morales na wenzake wa Canada walichapisha matokeo yao ya kwanza mwaka 1976. Mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo, dawa ikapitishwa humo hadi kibofuni, kisha akajibana kama saa mbili bila kukojoa. Hurudia kila wiki kwa wiki sita. Kwa kuwa vijidudu vile ni hai, ingawa vimedhoofishwa, akirudi nyumbani anakojoa ameketi, anamwaga jiki chooni na kungoja robo saa kabla ya kuvuta maji. Vijidudu huamsha ugomvi kibofuni, kinga inakuja mbio, na saratani inapigwa humohumo. Lakini usijidanganye kwamba kovu lako la utotoni linakukinga na saratani hiyo.

"Herceptin ni dawa ya saratani ya matiti, basi tuinunue."

Taratibu. Dawa hiyo, jina lake la kitaalamu trastuzumab, ni kingamwili ya maabara inayonasa kipokezi kiitwacho HER2, kilicho juu ya chembe za saratani. Saratani za matiti zenye HER2 kwa wingi, ambazo ndizo inazilenga, ni takriban moja kati ya tano. Kipande cha uvimbe kipimwe kwanza, ndipo kiwanja kiuzwe. Moyo nao hupimwa kabla na wakati wa tiba, maana dawa hii huweza kuudhoofisha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likathibitisha ubora wa nakala yake ya kwanza ya bei nafuu.

"Si ndiyo ile chanjo ya wasichana shuleni?"

Siyo. Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, huzuia virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi visiingie. Saratani hiyo ikishaota, haiitibu.

"Dripu ya kinga ilimponya Jimmy Carter, itamponya yeyote."

Wapo wengi wanaopewa dawa hizi na uvimbe usitikisike. Carter naye, aliyewahi kuwa rais wa Marekani na aliyetangaza Desemba 2015 kwamba vipimo havioni tena saratani ya ngozi iliyokuwa imeenea hadi kwenye ubongo, alipewa pembrolizumab kweli. Ila kwanza alifanyiwa upasuaji wa ini, na kichwani alipigwa mionzi. Wanaosimulia kisa chake huruka hapo.