Waini "kukomaa" maana yake nini hasa, na kwa nini ile ya kwenye kabati lenu haikomai

Hivi kwenu hamna ile chupa? Ile ya waini nyekundu aliyoleta mgeni mwaka gani sijui, ikawekwa kwenye kabati la vioo sebuleni pembeni ya vikombe ambavyo havitumikagi, na kila mtu akiigusa mwenye nyumba anasema iache hiyo, waini kadiri inavyokaa ndo inazidi utamu. Kwa shangazi yangu Tanga ilikuwepo, ilikaa kama miaka tisa, siku inafunguliwa ikatoka na rangi ya chai ya jana na harufu ya siki, shangazi akatuambia ndo ladha yenyewe hiyo wanayoipenda wazungu. Tukaichanganya na soda tukanywa hivyohivyo.

Mimi sasa naishi Bordeaux, Ufaransa, nimeoa huku, na baba mkwe wangu ni mtu wa waini toka ujana wake, sio kwa biashara, ni mzee tu ambaye chini ya nyumba yake ana stoo ya mawe yenye ubaridi na chupa zimelala kwenye rafu kama maboksi ya viatu dukani. Yeye ndo kanifanya nielewe kwamba ule msemo wa shangazi una ukweli robo, robo tatu zilizobaki ni hasara. Kwa hiyo hata kama hunywi, soma tu kwa kujua, manake hili neno "kukomaa" watu wanalitumia vibaya sana.

Tuanze na kitu tunachokijua. Tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu, mchana limeanza ukali, jioni kali kweli, kesho yake unakaribia kupikia mboga kwa siki. Hicho kinywaji kinabadilika kwa masaa. Waini nyekundu nayo inabadilika, ila iliyotengenezwa kwa nia ya kukaa safari yake ni ya miaka kumi, ishirini, nyingine hata zaidi, na kama tembo tu ina asubuhi yake, mchana wake na jioni yake, halafu inakufa. Kukomaa ni ile sehemu ya katikati. Sio kwamba inazidi kuwa nzuri bila mwisho, inapoteza kitu na kupata kingine, na wewe ndo unaamua unapenda ipi. Na waini nyingi sana duniani, ile ya supermaketi ya bei ya kawaida, imetengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, ukiikalisha haikomai, inachoka tu.

Sasa kinachobadilika ni nini? Umewahi kula bibo, lile tunda la mkorosho? Ule utando unaobaki mdomoni, ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi, ndo ukakasi, na kinachouleta kwenye waini kinaitwa tanini. Inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye mapipa ya mti wa mwaloni. Chai ya rangi ukiisahau na majani yake ndani nusu saa ni kitu hichohicho. Waini changa ya Bordeaux ina tanini nyingi, ukiinywa meno yanakauka. Miaka inavyoenda zile tanini zinashikana zenyewe kwa zenyewe na zinashikana na rangi, zinakuwa minyororo mirefu, nyingine zinakuwa nzito mpaka zinazama chini zinabaki mashapo kama yale ya kahawa chungu chini ya kikombe. Ndo maana waini nyekundu ya zamani inakuwa laini mdomoni na rangi yake inafifia, inatoka zambarau inakuja nyekundu ya kawaida mpaka kufikia rangi ya tofali. (Nyeupe ni kinyume, yenyewe ikizeeka inaongeza rangi, inakuwa kama asali.) Uchachu wenyewe haukimbii, unabaki palepale. Utamu wa tunda ndo unaopungua taratibu. Kwa hiyo ukianza na waini ambayo haina tunda la kutosha wala uchachu, tanini zikilainika hapabaki kitu, unakunywa maji yenye kumbukumbu.

Na kwa nini Bordeaux wanachanganya zabibu? Nyekundu ya huku karibu yote ni blendi, Cabernet Sauvignon na Merlot ndo wakubwa, halafu Cabernet Franc, na kidogo Petit Verdot au Malbec. Wenyewe wanasema Cabernet ni mifupa na Merlot ni nyama. Cabernet ganda lake ni nene, punje ndogo, tanini kibao, na inachelewa kuiva. Merlot inawahi kuiva na ni laini zaidi. Huku hali ya hewa ya bahari haina adabu, baridi ya ghafla ikija mwezi wa nne inaunguza machipukizi, kama ilivyotokea 1991 na tena 2017, mvua ikija wakati wa kuvuna nayo ni balaa, kwa hiyo mkulima mwenye aina mbili tatu hakosi vyote. Upande wa kushoto wa mto Gironde, kule Médoc, ardhi ni kokoto, inashika joto, Cabernet inaitaka hiyo. Upande wa kulia, ng'ambo ya mto Dordogne unaoingia Gironde, kule Saint-Émilion na Pomerol, kuna udongo wa mfinyanzi mwingi na Merlot ndo inatawala. Kwenye kukomaa hii ina maana kubwa, nyama inakupa kitu cha kunywa mapema, mifupa ndo inasimamisha waini miaka ishirini.

Haya, nije kwenye daftari la mzee, hapa ndo penyewe.

Binti yangu kazaliwa Novemba 2005. Huku wana desturi ya kununua waini ya mwaka aliozaliwa mtoto, na mzee alikuwa anachekelea manake 2005 ulikuwa mwaka mkavu, zabibu ziliiva vizuri zikiwa ndogo na tanini za kutosha. Akanunua sanduku la chupa kumi na mbili za Haut-Médoc, ni kulekule Médoc, sio zile za bei ya kutisha. Kuna orodha maarufu ya mashamba ya waini kwa madaraja, waliyoipanga 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris enzi za Napoleon III, mpaka leo bado wanaitumia, mabadiliko makubwa yalikuwa 1973 pale shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa daraja la kwanza, basi yetu haimo humo wala jirani yake. Zaidi ya nusu Cabernet, iliyobaki Merlot, na tone la Petit Verdot. Mzee akasema tutafungua moja moja mpaka mtoto awe mtu mzima, na kila ikifunguliwa anaandika kwa penseli kwenye daftari la shule la mistari.

Ya kwanza niliyokunywa nikiwa makini ilikuwa 2009, mtoto ana miaka minne. Nyeusi kama maji ya zambarau, inaacha doa kwenye glasi, harufu kali ya tunda, kama unaijua Ribena basi ni kama hiyo, na juu yake vanila na moshi wa mbao za mapipa. Lakini mdomoni ukakasi mtupu, nikajiuliza watu wanalipia nini hapa. Mzee aliimimina kwenye jagi la kioo tokea asubuhi ipate hewa na bado ilikuwa imekaza. Kaandika: "ngumu, ina kila kitu, subiri."

2012 ndo nilidhani tumeibiwa. Lile tunda halipo, na hizo harufu za uzee nazo hazijaja, unanusa unanusa hupati kitu, ukakasi tu. Nikamwambia mzee imeharibika hii, akanicheka. Kumbe inaitwa kujifunga, waini nyingi za namna hii zikifika katikati zinapita kwenye kipindi hazisemi chochote, kama kijana wa miaka kumi na nne mezani. Hiyo inaweza kuchukua miaka kadhaa na hakuna anayeweza kukutajia siku itakapofunguka, mtu akikuambia tarehe ujue anauza. Daftari: "kimya."

Chupa iliyofuata ilikuwa na harufu ya boksi lililonyeshewa, au tuseme kitambaa cha deki kilichokunjwa kikiwa kibichi. Ile haikuwa umri, ni kizibo, kuna kemikali inaingia kwenye gome la mti wanaotengenezea vizibo na inaua waini kabisa, na kuisubiri hakusaidii. Mzee kaimwaga kwenye sinki bila neno, kwenye daftari kapiga msalaba tu. Uchungu kweli.

Halafu 2017. Hapa sasa. Mtoto kafikisha kumi na mbili, mzee kaishusha mwenyewe, kaisimamisha siku nzima kabla ili mashapo yashuke chini, usiku akawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa akawa anamimina polepole kwenye jagi huku anaangalia mwanga, na pale uzi mweusi wa mashapo ulipofika shingoni akaacha, kilichobaki chini kama vidole viwili akakiweka pembeni apikie. Rangi pembeni ya glasi imeanza utofali. Harufu, sasa nitawaambiaje, tunda lipo ila limekaa kama zabibu kavu na plamu, halafu kuna tumbaku isiyowashwa, mbao za mwerezi kama ukichonga penseli, ngozi ya mkoba mpya. Mdomoni laini. Ukakasi haujaisha ila umekuwa kama kitambaa, unahisi unapita tu. Nilikaa na glasi moja saa nzima na kila nikirudi ilikuwa na kitu kingine. Ndo nikaelewa neno kukomaa, kwamba harufu za mwanzo za tunda na mbao zinashikana zinazaa harufu za tatu ambazo hazikuwepo kwenye zabibu wala kwenye pipa.

2023, binti kumi na nane, mara ya kwanza na yeye anapewa glasi nzima. Imepauka zaidi, kuna uyoga na harufu ya majani makavu yaliyolowa msituni, tunda limebaki kwa mbali. Mke wangu aliipenda kuliko ya 2017, mimi hapana, mimi yangu ni 2017, na binti akasema inanuka kama stoo ya babu. Kila mtu yuko sahihi hapo. Ila angalia, baada ya dakika arobaini hivi kwenye glasi ilianza kuchoka, ile ya 2009 ilihitaji hewa kutwa, hii ya kizee hewa inaimaliza, kwa hiyo ukisikia mtu anasema kila waini imiminwe kwenye jagi masaa mawili muulize ina miaka mingapi kwanza.

Hii ya kunywa chupa moja moja za sanduku lilelile kwa miaka ndo kuonja ninakopenda, kuna kwingine ambako wanapanga mezani waini ya shamba moja ya miaka tofauti, wanaita kuonja kwa wima, na kwingine mwaka mmoja mashamba tofauti, wanaita kwa mlalo. Hizo unazimaliza jioni moja. Hii yetu inataka uvumilivu na mtoto.

Turudi kwenye kabati la shangazi basi. Waini inayokomaa inataka baridi ya kama digrii 12 au 13, isiyopandapanda na kushuka, giza, na chupa ilale ili kizibo kisikauke kikaruhusu hewa nyingi. Hewa kidogo sana inayopenya kizibo ni sehemu ya hadithi, ikiwa nyingi ndo siki. Sasa sebule ya Tanga digrii 30, dirisha linapiga jua, chupa imesimama, hapo unaipika. Joto linaikimbiza kwenye uzee bila kuipitisha kwenye utamu. Juu ya friji ndo kubaya zaidi, joto na mtikisiko. Na hata zile za Dodoma, nyingi zimetengenezwa zinywewe zikiwa changa, mgeni akikuletea fungueni jioni hiyohiyo na nyama choma, hamjakosa chochote.

Ukitaka kujaribu mwenyewe bila stoo ya mawe, nunua chupa sita za aina moja yenye tanini na uchachu wa kutosha, ziweke kwenye friji ya waini kama umeme kwenu hauna visa, fungua moja sasa hivi ukiandika hata mistari miwili, nyingine baada ya miaka miwili, nyingine mitatu. Usitegemee kumbukumbu, mimi ningekuapia kwamba ile ya 2012 ilikuwa mbovu kama sio daftari. Na angalia kimo cha waini shingoni, chupa ya zamani ikiwa imeshuka mpaka mabegani ujue hewa imeshaingia sana.

Kwetu zimebaki mbili. Binti anataka moja akimaliza chuo, mke wangu anasema tufungue zote Krismasi hii, na mzee kwenye ukurasa wa mwisho kaandika "kabla ya 2028", akapiga mstari chini mara mbili, ufunguo wa stoo akauweka mfukoni.