Sera ya kibajeti si sera ya fedha

Juzi tena, redioni: mchambuzi anasimulia jinsi Marekani ilivyoikabili korona mwaka 2020, anasema "ililegeza sera ya fedha kwa kuwatumia wananchi hundi." Nimeshalisikia kosa hili mara nyingi mno.

Sera ya kibajeti ni maamuzi ya serikali kuhusu kodi na matumizi. Uchumi ukidorora, serikali hutumia zaidi au hutoza kidogo. Ukichemka, hufanya kinyume chake. Vitabuni, angalau, maana hakuna mbunge anayependa kupandisha kodi wakati watu wana furaha.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. Fedha limetoka katika Kiarabu, na ni yale madini meupe ya sonara. Sisi tukalibebesha mzigo wote: madini, pesa, Wizara ya Fedha, sera ya fedha. Basi mtu hudhani sera ya fedha hutungwa na Wizara ya Fedha. Wapi! Sera ya fedha ni ya benki kuu, inayoshughulika na riba na ujazi wa fedha, yaani wingi wa pesa zilizomo katika mzunguko. Wizara ya Fedha, pamoja na jina lake hilo, imeshika sera ya kibajeti.

Wazungu hawapati taabu hii, kwa kuwa sera hiyo wanaiita kwa neno lililotokana na fiscus la Kilatini: kapu la kutilia sarafu, ambalo baadaye likawa jina la hazina ya Kaisari. Na bajeti asili yake ni bougette ya Kifaransa, kijifuko cha ngozi. Kapu na kijifuko, vyote vina mtu wa kujaza na mtu wa kuchota. Benki kuu haichoti humo. Inachobadilisha ni gharama ya kukopa.

Machi 2020 yalitokea yote mawili. Tarehe 15, benki kuu ya Marekani ilishusha riba hadi kati ya asilimia 0 na 0.25. Hiyo ndiyo sera ya fedha. Tarehe 27 ikatiwa saini sheria ya takriban dola trilioni 2.2, zikiwamo hundi za hadi dola 1,200 kwa mtu mzima. Hilo ni kapu. Ujerumani nayo ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 19 hadi 16, Julai hadi Desemba mwaka huohuo: kapu vilevile, ila safari hii kwa kukubali kiingie kidogo humo.

Tena katika nchi hizo kapu hufunguka lenyewe. Mfanyakazi akipunguzwa kazini, kodi ya mshahara wake inakatika na posho ya wasio na kazi inaanza, bila Bunge kukaa. Hiyo nayo ni sera ya kibajeti, ingawa haitangazwi na mtu.

Mchambuzi wetu habari alikuwa nayo sawasawa. Abadilishe neno moja tu, na "kibajeti" likimkwama ulimini, aseme "kodi na matumizi". Tutamwelewa.