Je, wajua kwa nini mahudhurio mengi ya kliniki si lazima yawe huduma nzuri ya ujauzito?

Ukiuliza mjamzito kahudumiwa vizuri au la, wengi wanahesabu tu kaenda kliniki mara ngapi, basi. Hapo ndo tunapodanganyana.

Chukulia wadada wawili, kila mmoja kadi yake ina mahudhurio manne. Wa kwanza kaanza wiki ya 12, karudi ya 20, ya 26 na ya 30, halafu uchungu ukamshika mapema akajifungua njiti wiki ya 32. Wa pili kaanza wiki ya 33, akawa anaenda kila baada ya wiki mbili mpaka ya 39. Kwa kuhesabu tu wako sare, si ndio?

Sasa cheki ratiba ya WHO ya mwaka 2016: mara 8, ya kwanza isipite wiki ya 12, kisha 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kufika wiki ya 32 mtu anatakiwa awe kaenda mara 4, kwa hiyo yule wa njiti kamaliza zote, asilimia 100, huwezi kumdai ya wiki ya 36 wakati mtoto keshazaliwa. Mtafiti wa Marekani, Milton Kotelchuck, mwaka 1994 alitoa kipimo kinachofanya hesabu ya namna hii, kinaangalia ulianza mwezi wa ngapi na umehudhuria mara ngapi kati ya zile ulizotakiwa hadi siku ya kujifungua, na ukianza baada ya mwezi wa 4 unahesabika hujapata huduma ya kutosha hata ungeenda kila siku.

Mbona wakali hivyo? Kwa sababu kaswende au upungufu wa damu ukijulikana mapema kuna muda wa kutibu, na umri wa mimba unakadiriwa vizuri zaidi kwa ultrasaundi ya kabla ya wiki ya 24.

Ila hata kipimo hicho hakioni kilichofanyika ndani ya chumba cha daktari, ndo maana wanaopima ubora wanauliza pia: presha ulipimwa? Mkojo je? Damu? Presha ikiwa juu na mkojo una protini, hiyo inaweza kuwa njia ya kuelekea kifafa cha mimba, na mama mwenyewe anaweza asisikie chochote, hata kichwa hakimuumi, anarudi zake nyumbani na kadi yenye tarehe mpya, sehemu ya mkojo iko wazi.