Mlonge Usoni: Yanayosemwa na Yaliyomo Chupani

Mzungwi, au mlonge kama wanavyouandika wauzaji wa vipodozi, si mgeni Malindi. Umepandwa nyuani na mipakani mwa mashamba, na sokoni mafungu ya majani yake hukaa pamoja na mchicha na mnavu. Upike kwa tui la nazi, ule na sima. Hapo hauhitaji mtu wa kuusifu. Kilicho kipya ni chupa: losheni, seramu, sabuni na maji ya kupangusia uso, zote na picha ya jani la kijani mbele. Nyingi ya sifa zilizobandikwa kwenye chupa hizo ni za kweli, ila ni za kwenye sahani. Ngozi haili.

"Una vitamini C mara saba ya chungwa, ndiyo maana unang'arisha uso."

Hesabu hii inategemea umechukua jedwali gani. Takwimu za chakula za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonyesha miligramu 51.7 za vitamini C katika gramu 100 za majani mabichi, na chungwa lina 53 hivi. Yapo majedwali yenye idadi kubwa zaidi, maana udongo, umri wa jani na muda tangu lichumwe vyote vinabadilisha mambo. Lakini tuseme ni mara saba kweli. Vitamini C huharibiwa na joto, hewa na mwanga, na majani ya kutengenezea dondoo mara nyingi hukaushwa kwanza, kisha yakaloweshwa katika maji, spiriti au gliserini, halafu yakachujwa. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo imeshapotea njiani. Hata vipodozi vinavyotengenezwa kwa vitamini C yenyewe huwekwa asilimia 10 hadi 20, tena katika hali ya uchachu wenye pH chini ya 3.5, ndipo ngozi iipokee. Dondoo la mlonge halikaribii hapo.

Chenye kazi ndani ya jani hilo ni polifenoli, kundi la kemikali za mimea: kwasetini, kemferoli na asidi ya klorojeniki. Hizi husaidia kutuliza molekuli haribifu zinazozaliwa ngozini kwa jua na moshi. Maabara imelionyesha hilo mara nyingi, lakini chupa ya maabara haina ngozi ya juu inayozuia vitu kupenya. Kwa watu ushahidi ni mdogo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kutoka Pakistan ambapo wanaume 11 walipaka mashavuni krimu yenye dondoo la majani haya kwa miezi 3, ikalinganishwa na krimu isiyo na dondoo, na vipimo vya ulaini na mikunjo vikawa vizuri zaidi. Ni dalili njema. Lakini wanaume 11 hawajazi hata matatu moja, na muuzaji akikwambia "imethibitishwa kisayansi", mara nyingi hana kikubwa zaidi ya hicho.

Sasa geuza chupa usome nyuma. Cha kwanza kuandikwa ni Aqua, yaani maji. Baadaye huja gliserini, mafuta ya kulainisha, viungo vya kuifanya iwe nzito, kihifadhi, manukato. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, mpaka kufikia asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji anaweza kuvipanga atakavyo. Kihifadhi kinachotumika sana, fenoksiethanoli, Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Kwa hiyo ukikuta Moringa oleifera, jina la kisayansi la mlonge, limeandikwa baada yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba jani unalolilipia halifiki hata gramu 1 katika gramu 100. Na hilo dondoo lenyewe lililonunuliwa kiwandani, aghalabu sehemu yake kubwa ni gliserini.

Je, losheni hiyo haifanyi kazi? Inafanya. Ngozi italainika, kwa sababu gliserini hushika maji ngozini na mafuta huyazuia yasitoke. Sifa inakwenda kwa jani, kazi imefanywa na gliserini, ambayo duka la dawa hukuuzia kwa bei ya chini sana.

Rangi nayo inadanganya. Wateja wengi huamini kwamba kadiri maji yalivyo ya kijani, ndivyo mlonge ulivyo mwingi. Klorofili, inayolipa jani rangi yake, haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta na spiriti. Dondoo la maji au gliserini kwa kawaida huwa la manjano iliyoiva au hudhurungi. Ukiona maji maangavu ya kijani kibichi kama ya soda, uliza rangi imetoka wapi.

Mkanganyiko mwingine mkubwa ni kati ya majani na mafuta. Mafuta ya mlonge halisi hukamuliwa kutoka kwenye mbegu. Yana asidi ya oleiki kwa wingi, kiasi cha asilimia 70, pamoja na asidi ya beheniki, na hayachachi upesi, jambo la maana katika joto la pwani. Hayana vitu vile vya jani, na jani halina mafuta yale. Kinachouzwa rahisi kwa jina hilo mara nyingi ni majani yaliyoloweshwa katika mafuta ya nazi au ya alizeti. Si dhambi, na mafuta ya nazi yanajulikana kwa kazi yake nzuri kwenye ngozi kavu, ila bei isiwe ya mbegu.

"Dada, hii ni ya asili, haina kemikali, haiwezi kukudhuru." Upupu nao ni wa asili. Fikicha jani bichi la mlonge kati ya vidole, utasikia ukali unaokaribia wa figili. Hizo ni isothiosayaneti, zinazotengenezwa jani linapopondwa, na ngozi nyororo huweza kuwashwa nazo. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, usubiri saa 24 hadi 48, ndipo uende usoni. Mwenye pumu ya ngozi asubiri hata baada ya hapo.

Hatari iliyo kubwa zaidi, nionavyo mimi, ni ya chupa inayotengenezwa nyumbani na kuwekwa dirishani bafuni. Majani yaliyoloweshwa majini bila kihifadhi ni chakula cha bakteria na ukungu, tena kwa unyevunyevu wa huku. Friji huchelewesha tu. Wanawake wa Lamu na Malindi walilitatua jambo hili zamani: singo, unga wa manukato wa kusugulia mwili, huhifadhiwa kavu, na huchanganywa na marashi ya waridi siku ile ile somo, yaani kungwi, anapomsinga bibi harusi. Unga wa mlonge utendewe hivyo hivyo: ukaushwe kivulini, uchekechwe vizuri usibaki na mchanga wa kukwaruza, utiwe maji kiasi cha matumizi ya mara moja tu, upakwe, uoshwe, kilichobaki kimwagwe.

Kuhusu jua: dondoo la mlonge si kinga ya jua. Malindi iko kiasi cha nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na jua la saa sita halijali uso umepakwa nini cha kijani. Kofia, leso, kivuli, na krimu ya jua iliyopimwa. Watu wenye ualbino wasibadilishe krimu yao kwa mlonge hata siku moja. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu la Kenya lina mpango wa kuwapa krimu hiyo bure.

Limebaki la weupe. Kuna wanaonunua mlonge wakitumaini kuwa weupe, na kuna wanaouza wakijua hivyo. Jani hili halina uwezo wa kubadilisha rangi ya mtu. Krimu "ya mlonge" inayomtakatisha mtu kwa wiki moja ina kitu kingine ndani: haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua rangi), steroidi kali, au zebaki. Steroidi huifanya ngozi nyembamba, mishipa ikaonekana, chunusi zikatoka kwa wingi. Na aliyezitumia muda mrefu asiache ghafla bila kumwona daktari, maana ngozi hulipuka. Haidrokwinoni ikizidi inaweza kuacha weusi wa kibuluu usiotoka.

Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote, na ina alama moja ambayo watu wa mwambao wanaopenda vito wataitambua upesi: maelezo ya kopo hukwambia krimu isiguse dhahabu, fedha wala vito vyovyote. Losheni ya majani haina sababu ya kuogopa pete. Ukisoma hivyo, nawa mikono, lifunge kopo kwenye chombo chenye kifuniko mbali na watoto, usilipake tena. Aliyekuwa akilitumia aende hospitali akaeleze alichopaka na apimwe mkojo, kwa kuwa zebaki huumiza figo. Wengine wa nyumba hiyo wapimwe pia, hasa watoto wachanga, kwani hupitia kwenye taulo, shuka na mikono ya mama.