"Mshipa tu huo, si mfupa": yanayosemwa kuhusu mbwa aliyekatika kano

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kinachopitisha damu ni mshipa, na ile kamba nyeupe ngumu inayoshika msuli na mfupa, yaani kano, nayo ni mshipa. Mbwa akiruka ukuta wenye vipande vya chupa akatua na mguu unaochuruzika, tunasema mshipa umekatika. Damu ikikoma tunaona yamekwisha. Kumbe kano bado iko vipande viwili chini ya ngozi.

Hapa nazungumzia kano kuu ya kisigino. Mbwa hutembea kwa vidole, hivyo kisigino chake kiko juu, pale mguu wa nyuma unapopinda kwa nyuma. Wengi hudhani ndilo goti. Kano ikikatika yote, kisigino hushuka mpaka chini na mbwa hukanyaga kwa wayo mzima kama mtu. Ikisalia ile sehemu inayokwenda vidoleni, kisigino hushuka kiasi na vidole hujikunja kama kucha za mwewe.

"Apigwe eksirei. Mfupa ukiwa mzima, basi." Eksirei ni ya mfupa zaidi, kano huonekana vizuri kwa ultrasaundi. Lakini hata pasipo mashine, mikono ya daktari inasema mengi. Hulinyoosha goti la mbwa, kisha hujaribu kukikunja kisigino. Kwa mguu mzima hakikunjiki, kwa sababu kano imekaza. Kikikunjika kirahisi, kano imeachia.

"Shona ngozi, ya ndani yatajiunga yenyewe." Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kano ikikatika, msuli huivuta ncha ya juu mbali na mwenzake, na pengo hujazwa na kovu refu, legevu. Kidonda kinafunga vizuri, mbwa anabaki kilema. Kushona kano kunataka nusu kaputi, jeraha lisafishwe kwa kina na ncha mbili zitafutwe hadi zikutane. Daktari hutumia uzi imara, usioyeyuka au unaochelewa sana kuyeyuka, na huupitisha kwa mizunguko inayojifunga ndani ya kano. Mshono wa kawaida huipasua kano kwa urefu, kama waya unavyopita kwenye sabuni. Pengo kati ya ncha zilizoshonwa likizidi milimita 3, uimara huchelewa sana kurudi.

"Ameshashonwa, amepona." Hapana, hapo kazi inahamia nyumbani. Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo huunga polepole: baada ya wiki 6 huwa na zaidi kidogo tu ya nusu ya nguvu zake za awali, na hata mwaka ukipita haijazirudisha zote. Ndiyo maana kisigino hufungwa kikiwa kimenyooshwa, kwa plasta, banzi, skrubu au vyuma vya nje, kwa wiki 6 hadi 8 hivi, kisha mguu huzoeshwa uzito kidogo kidogo, kwa matembezi mafupi ya kamba. Shida ni kwamba wiki ya pili maumivu yamepungua na mbwa anataka kukimbilia geti. Mwenyewe anamhurumia, anaifungua plasta. Ncha zinaachana, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza.

Kila asubuhi vitazame vidole viwili vya kati vinavyochungulia kwenye plasta. Vikivimba na kutanuka, vikiwa vya baridi, au plasta ikilowa au kutoa harufu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Anapotoka kukojoa ifunike kwa plastiki, akirudi, iondoe.

Diklofenaki na ibuprofeni za kabatini kwako usimpe kabisa. Zinaweza kumtoboa tumbo na kumuua figo. Daktari ana dawa za mbwa.

Na jeraha la miezi iliyopita? Si kweli kwamba hakuna la kufanya. Kovu linaweza kukatwa na kano kuunganishwa upya, ikibidi kwa kipande cha utando mgumu wa msuli kutoka kwingine mwilini. Ikishindikana, kiungo hugandishwa ili mguu ukanyagike. Ila ni safari ndefu zaidi, na ghali.

Siku ya ajali yenyewe, mfunge mdomo kwa kitambaa kama anapumua vizuri, maana maumivu humfanya hata mpole aume. Bana jeraha kwa nguo safi, chukua kadi ya chanjo ya kichaa, na usimpe chakula njiani, kwa sababu huenda akahitaji nusu kaputi.