Kuzima kompyuta kwa mbali: maana yake na inavyofanyika

Kuzima kompyuta kwa mbali ni kukaa kwenye mashine moja na kuiamuru nyingine, iliyo kwenye mtandao huohuo, ijizime. Si sawa na kuchomoa waya ukutani. Amri hufika ikiwa ombi: kompyuta inayoombwa hukagua kwanza nani anaomba na ana ruhusa gani, ndipo ifunge programu, imalizie kuandika data kwenye diski na kuzimika. Amri yenyewe ni mstari mmoja. Kinachosumbua watu karibu kila mara ni ruhusa.

Tuseme umeme umekatika Tabata. Kompyuta ya chumbani imebaki na dakika chache za UPS (betri ya akiba), na wewe uko sebuleni na laptop. Ruta nayo iwe kwenye UPS, la sivyo amri haina pa kupita. Kwenye Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi:

shutdown /s /m \\CHUMBANI /t 60 /c "Hifadhi kazi, inazimwa"

Hapo /s ni kuzima, /m jina la kompyuta (hapa CHUMBANI), /t sekunde za kusubiri, /c ujumbe utakaotokea kwenye skrini yake. Ukibadili nia kabla ya dakika kwisha, andika shutdown /a /m \\CHUMBANI. Jihadhari: /t ikizidi sifuri, Windows hufunga programu kwa nguvu hata kama hukuandika /f (ya kulazimisha). Barua ambayo mtoto aliye chumbani hajaihifadhi itapotea, kwa hiyo mpe muda wa kutosha.

Ukipata kosa namba 5, umekataliwa ruhusa. Unahitaji akaunti ya msimamizi iliyoko kwenye kompyuta ile, tena yenye nywila. Akaunti isiyo na nywila haikubaliwi kupitia mtandao, na PIN haifanyi kazi hapa. Jitambulishe kwanza, tuseme akaunti hiyo inaitwa baba:

net use \\CHUMBANI\IPC$ * /user:CHUMBANI\baba

Bado inakataa? Windows huipunguzia nguvu akaunti ya kawaida ya msimamizi inapoingia kwa mbali. Kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ya kompyuta ya chumbani, chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, ongeza DWORD (thamani ya namba) iitwayo LocalAccountTokenFilterPolicy yenye thamani 1. Hatua hii inalegeza ulinzi, basi ifanye kwenye mashine hiyo tu na uweke nywila ngumu.

Kosa namba 53 ni habari nyingine: kompyuta haionekani. Huenda jina limekosewa, mashine imelala, iko kwenye waifai ya wageni, au mtandao wake umewekwa Public badala ya Private na fayawoli (ukuta wa ulinzi) inazuia.

Kwenye Linux mambo ni mepesi zaidi, mradi openssh-server (programu ya kupokea amri kutoka mbali) imewekwa kwenye kompyuta inayozimwa:

ssh -t baba@192.168.1.20 sudo shutdown -h +1

Bila -t, sudo (inayokupa nguvu za msimamizi) haipati pa kukuulizia nywila. Kughairi ni sudo shutdown -c.

Ukiwa Kariakoo unatumia bando la simu, anwani ya 192.168, iliyo ya ndani ya mtandao wa nyumbani, haifikiki. Usifungue poti 445 ya ruta, mlango ambao amri hizi za Windows hupitia, kwa intaneti nzima. WannaCry, programu haribifu ya mwaka 2017, ilienea kupitia huduma iliyo nyuma ya poti hiyohiyo. Weka VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa nje) kama WireGuard nyumbani, uingie kwayo, kisha utumie amri zilezile.

Kuiwasha tena kompyuta kwa mbali kunahitaji Wake-on-LAN (kuiamsha kupitia mtandao), inayoruhusiwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) na inayofanya kazi vizuri zaidi kwa kebo kuliko kwa waifai.